Kadi Zenye Kona Tupu

9 Februari

Mke mwenzangu,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, magoti ndiyo yana jambo. Mama yako mzima, bado anashika zamu mbili kule maabara ya hospitali, akirudi anakula amesimama kama farasi. Anakusalimu. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa chumba cha chini, yule niliyekwambia ana tumbo. Alijifungua salama, mtoto sasa ana meno na anayatumia. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Simu usinipigie. Ikikatika naachwa nimeshika sikio langu mwenyewe.

Haya. Maboksi yameondoka. Yote thelathini na moja, maboksi ya viatu, nimeyafunga kamba kwa mkono wangu. Mtu wa posta akaniuliza, "Bibi, unauza viatu?" Nikamwambia nauza mume.

Umesema chuo chako kinataka kuchapa kitabu cha babu yako. Sawa. Alipokuwa hai chuo hichohicho kilimwandikia barua moja tu, ya kusema hapana. Sasa ana miaka miwili chini ya udongo ndiyo wamepata nafasi. Lakini kwa kuwa wewe ndiye umesimamia, nimekubali.

Umeniuliza kazi yake ilianzaje. Najua ilivyoendelea, maana nilikuwa nyuma yake. Asubuhi alifundisha Kiarabu shuleni. Mchana anarudi, anakaa kwenye meza ya dirishani, na mimi nyuma yake hatua tatu napiga pasi mashati ya hoteli. Miaka arobaini na miwili nimemtazama mgongo. Wenzake walisoma vitabu vikubwa vya Waarabu wa kale, vya nyota na dawa na wafalme. Yeye alisoma pembeni. Wale wanakili, watu waliokuwa wakinakili vitabu kwa mkono kabla ya mashine, wakichoka waliandika neno lao pambizoni. Babu yako akazunguka maktaba hii na ile kuyaokota maneno hayo, neno moja kadi moja. Wenzake wakamwita mla makombo. Kwenye kona ya kila kadi aliandika neno limetoka maktaba gani, kitabu gani, ukurasa gani. Ile kona ilikuwa roho yake. Mwanafunzi akileta kadi isiyo na kona, anamrudisha mlangoni.

Akipata tamu ananisomea. "Sikiliza huyu wa miaka mia saba: Nimeruka mstari hapa, atakayeuona aurudishe, mimi nina njaa." Nikicheka anafurahi kana kwamba kaandika yeye. Siku nyingine ni yule aliyelalamika mkono umekufa ganzi kwa baridi. Hiyo ndiyo ilikuwa redio yangu.

Pale ukutani yalipokaa maboksi pamebaki peupe, kama ngozi chini ya bandeji. Unakuja lini? Kwa nini hukuja kumzika sijakuuliza, na leo pia sikuulizi.

Bibi yako

*

2 Machi

Shikamoo bibi,

Nimefurahi kusikia sauti yako kwenye karatasi. Mwambie fundi asante, na mtoto wake nambusu hata kama anauma. Mimi mzima. Chumba changu kipo juu ya duka la kutengeneza miwani, kuanzia saa mbili asubuhi nasikia mashine ya kusaga vioo. Chakula nakula, usiulize.

Maboksi yamefika, hata moja halikulowa. Tumeyapanga kwenye meza ndefu ya maktaba, mimi na Profesa anayesimamia uchapaji. Kadi elfu kumi na moja, bibi. Siku ya kwanza Profesa alikuwa anasoma na kutikisa kichwa kama mtu anayesikia muziki.

Siku ya nne tukapata tatizo, na siwezi kukuficha. Kuna kadi mia mbili na saba ambazo kona zake ni tupu. Hakuna maktaba, hakuna kitabu, hakuna ukurasa. Mwandiko ni wa babu, Kiarabu ni kilekile cha wanakili wa zamani, na zimechanganywa katikati ya nyingine. Nakutafsiria tatu:

"Pua yako imeingia kwenye karatasi kama mbuzi kwenye gunia."

"Chai imepoa mara ya tatu, na safari hii siipashi."

"Waliokufa unawasikia kutoka miaka mia nane. Aliye hai utamsikia lini?"

Profesa anasema Kiarabu ni cha kale lakini mdomo si wa kale. Anasema hakuna mnakili aliyeandika hivi, na kwamba babu aliyatunga mwenyewe. Mtu aliyetunga mia mbili, nani atamwamini kwa zile elfu kumi nyingine? Akipeleka taarifa hiyo kwenye kamati ya chuo, kitabu hakichapwi, na kile kitabu chake chembamba cha zamani kitaondolewa kwenye orodha ya masomo. Watasema alikuwa mwongo.

Kamati inakaa mwezi wa nane. Bibi, babu alikuwa na kitabu chochote ambacho hakukionyesha watu? Kuna mtu alimletea maneno haya?

Mjukuu wako

*

30 Machi

Mjukuu wangu,

Barua tumeipata. Mama yako mzima. Mvua inanyesha.

Hizo kadi sizijui. Mimi sikusoma, nitajuaje? Mwambie Profesa arudishe maboksi yangu, na kitabu kisichapwe. Watu wataishi bila kitabu.

Bibi

*(Hapa pembeni ni mimi fundi. Samahani naingilia. Bibi alinifanya nimsomee yale maneno matatu mara nne. Mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Mara ya nne alinitoa nje na mkasi wangu ukabaki ndani.)*

*

18 Aprili

Shikamoo bibi,

Natumaini magoti yamepata nafuu na mama anakula ameketi. Mimi nina mafua tu.

Sitarudisha maboksi. Nisamehe, ni mara yangu ya kwanza kukukatalia. Ukiniambia hujui, nitakubali, lakini si kwa barua ya mistari minne. Wewe hujawahi kusema mistari minne hata ukiwa na homa.

Bibi, mimi ndiye nimewaambia watu hapa kwamba yule mzee alikuwa mkweli kuliko mizani. Niliwaambia habari ya kona. Sasa kila ninapopita kwenye korido, kuna mwalimu mmoja ananiuliza, "Vipi, kona zimejaa?" Kama unajua kitu na unakificha, nani unamlinda? Babu hahitaji tena kulindwa kwa kunyamaza. Anahitaji mtu aseme.

Fundi, kama unasoma hii peke yako kwanza: mpelekee na chai.

Mjukuu wako

*

7 Juni

Mke mwenzangu,

Pole na mafua. Yameshapona au yameota mizizi? Mama yako amepewa zamu moja sasa, amenenepa kidogo, anaimba akifua. Fundi alileta chai. Hakuijaza sukari vya kutosha, lakini aliileta.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nagombana na mtu. Aliyekufa hajibu, kwa hiyo ugomvi unachukua muda.

Sikiliza. Hayo maneno ni yangu.

La mbuzi na gunia nililisema mwaka mama yako alipoanza shule. La chai nililisema mara nyingi, sijui yeye aliandika ya siku gani. La walio hai na waliokufa nililisema siku moja ya jua kali, nina mashati sitini ya kumaliza, nimemwita mara tano aje anishikie shuka tukunje, hakugeuka. Nikalisema, nikakunja shuka peke yangu kwa kidevu.

Nilidhani hanisikii. Elewa hilo kwanza kabla hujamkimbilia Profesa. Miaka arobaini na miwili nilidhani nasema na mgongo. Mtu akijua anasema na mgongo hajichungi, anasema ya moyoni na ya tumboni, anatukana na kubembeleza humohumo. Kumbe ule mkono wa mbele ulikuwa unaandika! Na mimi nikisikia kalamu inakwaruza, nasema moyoni, haya, kapata mfu mwingine.

Nilikukatalia kwa sababu niliogopa watamcheka. Watasema mwanachuoni mzima alimaliza wino kwa kelele za mpiga pasi. Nikaona afadhali maboksi yarudi, nikae nayo. Halafu fundi akanisomea tena pale uliposema watamwita mwongo. Basi hapo hapana. Babu yako alikuwa bubu, mkaidi, hajui kukunja shuka. Mwongo hakuwa.

Huyo Profesa asiamini kwa kuwa nimesema. Mimi pia nisingeamini, bibi yeyote anaweza kudai. Mwambie achague kadi mwenyewe, kadi ambazo hujanitajia. Aandike mwanzo tu, nusu ya neno, na nusu nyingine aifungie. Mimi nitaimalizia. Ya kwangu nayajua.

Bibi yako

*(Fundi: leo amenifanya nisome barua yote kwa sauti ilipokwisha, halafu akasema, "Mh. Kumbe naongea sana." Ndiyo, bibi.)*

*

1 Julai

Shikamoo bibi,

Mafua yamekwenda. Mama mwambie aimbe na kwa ajili yangu.

Nimekaa na barua yako siku mbili kabla ya kumpa Profesa. Nilikuwa nataka iwe yangu kwanza.

Alipoisoma alikubali jaribio lako papohapo. Amechagua kadi nne, amezifungia kwenye kabati na ufunguo yuko nao. Kwa sababu ni Kiarabu, amekubali maana, si herufi kwa herufi. Hizi hapa nusu zake:

Ya kwanza: "Funga dirisha…"

Ya pili: "Usiniite nije nione…"

Ya tatu: "Mtoto amelala…"

Ya nne: "Siku utakayomaliza…"

Sijaziona nusu zilizobaki, nakuapia.

Mjukuu wako

*

20 Julai

Mke mwenzangu,

Wote wazima. Mama yako anasema sauti haiazimwi, njoo uimbe mwenyewe. Mtoto wa fundi ametembea leo, hatua nne, ya tano akakalia pini. Hakulia, alishangaa tu.

Mwambie Profesa achukue ufunguo wake.

Funga dirisha, upepo hauchagui kati ya kadi yako na shati la mteja.

Usiniite nije nione neno zuri, mimi sioni neno, naona sisimizi wamepanga foleni.

Hapo alicheka, huyo babu yako. Sikuuona uso lakini mabega yalicheka. Akaninyooshea kidole kwenye karatasi, ananionyesha sisimizi mmoja mmoja, huyu anaitwa hivi, huyu anaitwa hivi. Nikamwambia pasi inaungua. Haikuwa inaungua. Niliona haya kwamba nina watoto shuleni na mimi mwenyewe siijui hata herufi ya kwanza. Baada ya hapo hakuniita tena kuona. Aliniita kusikia tu. Nakwambia wewe, yeye sikumwambia.

Mtoto amelala, sasa unaweza kukohoa.

Mama yako huyo, alikuwa na surua. Babu yako alikaa mchana mzima anameza kikohozi asimwamshe, macho yamemtoka kama kaa.

Ya nne siisemi. Ninaikumbuka, asije akadhani nimeshindwa. Tatu zinatosha. Kama hazimtoshi, abaki na kamati yake.

Bibi yako

*

15 Agosti

Shikamoo bibi yangu,

Salamu kwa mama, kwa fundi na kwa aliyekalia pini.

Nianze na hili: kitabu kinachapwa. Profesa alizisoma kadi tatu amesimama, jibu lako mkono mmoja na kadi mkono mwingine. Kwenye ile ya sisimizi akavuta kiti akakaa. Akasema, "Nilimshuku mtu asiye na kosa." Jana aliyasema hayohayo mbele ya kamati, kwa mdomo wake, na yule mwalimu wa korido alikuwepo. Kile kitabu chembamba kinabaki kwenye masomo. Hakuna atakayemwita babu mwongo.

Lakini kamati inaomba kauli yako. Wanataka zile kadi zako mia mbili na saba zitolewe katikati ya wanakili, ziwekwe mwisho wa kitabu, kwenye kurasa za nyongeza, ili wasomaji wasichanganyikiwe. Hawatafanya bila wewe kukubali.

Sasa kadi ya nne. Profesa hakuisoma mbele ya kamati. Alinipa mimi, akasema hii si ya chuo. Nimeisoma. Najua ulikataa kuisema, na sikuwa na nia ya kukuandikia kilichomo, maana wewe unakijua. Ila chini yake kuna mstari mwingine, bibi, na huo haukutoka mdomoni mwako. Wino ni mwingine, aliuandika baadaye. Kwa hiyo inanibidi.

Kadi inasema: "Siku utakayomaliza, utageuka?"

Na chini, kwa herufi ndogo: "Leo nimegeuka. Amesinzia kitini, mkono uko kwenye shati. Sikumwamsha."

Hilo ni lenu wawili. Nikwambie langu.

Mwaka ule nilisema chuo kimeninyima ruhusa ya kuja kumzika. Sikuomba ruhusa. Siku niliyoondoka nyumbani aliniita mezani, "Njoo usikie huyu," na mimi nikiwa na begi mgongoni nikasema, "Babu, nitachelewa." Sikuchelewa. Nilikaa kituoni saa nzima. Alipokufa nikaona siwezi kusimama kwenye kile chumba nikaiona ile meza. Nikajipa kazi ya kadi zake, nikadhani nikimtengenezea jina itakuwa sawa na kuja.

Mjukuu wako

*

9 Septemba

Mke mwenzangu,

Mama yako mzima, fundi mzima, mimi nimeketi. Leo nimemwambia fundi aache cherehani kabisa, mteja atasubiri.

La ruhusa nilijua. Mama yako alijua. Hata mtu wa posta, nadhani. Uso wako ulikuwa hauwezi kudanganya ukiwa na miaka mitatu, mwandiko wako utaweza wapi? Sikukuuliza kwa sababu nilitaka uje uniambie, usije kwa kuulizwa. Kosa langu. Katika nyumba hii kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake aanze.

Kamati waambie hivi. Wasinitoe. Yeye aliniweka katikati ya watu wake, kati ya yule mwenye njaa na yule wa mkono uliokufa ganzi, na alijua anachofanya, maana kadi hakuwahi kuiweka mahali pasipo pake. Wanataka kunipeleka nyuma? Nyuma nimekaa vya kutosha. Na ile kona, kama inawawasha kuijaza, waandike: hatua tatu kutoka kwenye kiti. Ndiyo maktaba niliyotoka. Wakicheka, wacheke. Nilikuwa namwonea haya bure, yeye hakuwa akinionea.

Sasa hiyo ya nne.

Nililisema mwaka wa mwisho wa babu yako kufundisha shuleni, nina homa ya uchovu, sikutaka jibu. Nilisema kisha nikaketi kupumzisha mguu. Nikasinzia, naam, nakumbuka, niliamka shati lina alama ya kiganja changu. Yeye alikuwa ameinama vilevile, dirisha vilevile. Nikasema moyoni, haya, huyu atageuka siku ya kuzikwa.

Kumbe aligeuka. Aligeuka, akanitazama, nami nimefumba macho kama mjinga! Halafu akaenda kuiambia karatasi. Kwa Kiarabu. Mimi nipo pale, hatua tatu, mzima, nina masikio mawili.

Fundi ananiuliza kama nalia. Aandike kwamba nimekasirika. Ningempata leo ningemshika shati. Ningemwambia, mzee wewe, wafu wa miaka mia nane uliwaamsha, wenye njaa, wenye baridi, wote uliwaita kwa sauti wakaja kukaa chumbani kwangu, mimi ukaniacha nilale? Ulinionea huruma? Nani alikuomba huruma? Mtu aliyengoja kutazamwa miaka yote hiyo hata angekuwa amekufa angeamka.

Basi. Hasira hiyo haina pa kwenda, nimeizungusha chumba kizima na imerudi kukaa na mimi. Ni hamu, usidhani ni kitu kingine. Ninamtaka. Hata mgongo wake.

Wewe nawe usinitengenezee jina. Kitabu nimefurahi, kichapwe, Profesa mpe salamu zangu, mwambie tumeachana salama. Lakini usiniandikie tena yaliyomo moyoni mwako kwenye karatasi halafu mtu mwingine anisomee. Omba hiyo ruhusa, safari hii uombe kweli, uje uyaseme kwa mdomo, nikusikie unavyovuta pumzi katikati. Mlango hatufungi mchana. Ingia tu. Na ukinikuta nimesinzia kitini, usisimame hapo kunionea huruma.

Niamshe.

Bibi yako